Kikombe cha Rangi

Huenda unachora ngege na mashua za Dunga kwa rangi za maji upate riziki, mtoto akicheza miguuni pako. Basi chunga kile kikombe cha kusuuzia brashi. Mtoto huona maji mekundu akadhani ni sharubati. Baadhi ya rangi nyekundu na manjano zina kadimiamu, na baadhi za buluu zina kobalti. Zikimezwa huweza kudhuru.

Tumia kopo lenye kifuniko, si kikombe cha chai. Usinyooshe ncha ya brashi kwa midomo, mtoto ataiga. Ukimaliza, mwaga maji hayo chooni, kisha unawe kwa sabuni kabla ya kunyonyesha.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya upesi, na ubebe ile rangi daktari aione.