Desemba ya joto: wa kwanza, wa mwisho na waliozidi

Mtu wa Tanga au Mombasa hana haja ya kukata tiketi ili aonje Krismasi ya jasho. Lakini kwa jamaa zetu walioko Minneapolis au Oslo, na kwa Wazungu wanaojaa Nungwi upepo wa kaskazi ukishaanza, kuikimbia theluji ni safari ya kuwekewa akiba mapema, kabla nauli hazijapaa. Anayetaka zaidi ya jua na dafu, rekodi za kufuata zipo. Nyingine zina uzito, nyingine ni majigambo tu.

Tuanze na wa kwanza kuuona mwaka: kisiwa cha Kiritimati, nchini Kiribati, katikati ya Pasifiki. Huko saa 6 usiku ikigonga, Dar es Salaam ni saa 7 mchana wa Desemba 31 na watu wako kwenye wali maharage. James Cook alifika hapo tarehe 24 Desemba 1777, ndipo kisiwa kikapewa jina la Krismasi. Heshima ya kutangulia, hata hivyo, Kiribati ilijipa yenyewe: mwaka 1995 ilisogeza mstari wa tarehe ili nchi nzima iwe siku moja. Usitarajie makubwa, ni minazi, ndege wa baharini na wavuvi.

Samoa nayo ikaiga, kwa kishindo zaidi. Wananchi walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo kabisa, na wafanyakazi wakalipwa siku ambayo hakuna aliyeifanyia kazi. Sijasikia mwisho wa mwaka mfupi kuliko huo. Jirani zao wa American Samoa hawakuhama, kwa hiyo wako nyuma kwa saa 24, ingawa ni mwendo wa chini ya saa moja kwa ndege. Mwenye pesa na ratiba nzuri anaupokea mwaka Apia, kisha anavuka kwenda Pago Pago kuusubiri tena.

Kwa fataki, Dubai ndiyo iliyotamba: 479,651 kwa dakika sita hivi, usiku wa kuukaribisha mwaka 2014. Kilichofuata kinachekesha. Kabla mwaka huo haujaisha, Søgne, mji mdogo wa Norway, tena kwenye baridi yenyewe, ukaipiku. Kisha Ufilipino ikawafunga wote mdomo kwa fataki 810,904 za kuukaribisha mwaka 2016, zilizorushwa kwa zaidi ya saa nzima huku mvua ikimwagika.

Ufilipino hiyohiyo ndiyo yenye Krismasi ndefu kuliko zote. Nyimbo zake huanza kupigwa madukani Septemba, na sherehe husogea hadi Januari. Mgeni aende kati ya tarehe 16 na 24 Desemba, kwenye misa tisa za alfajiri. Nje ya kanisa, gizani, akina mama wanauza bibingka, mkate wa unga wa mchele uliookwa kwa makaa juu na chini, karibu sana na vitumbua vyetu.

Rio de Janeiro wanadai umati. Rod Stewart alipoimba Copacabana mkesha wa mwaka 1995, kitabu cha rekodi cha Guinness kiliandika watu milioni 3.5, ingawa wengi walifuata fataki, si Rod Stewart. Mimi ningekwenda kuangalia waliovaa nyeupe wakiruka mawimbi saba. Na anayetaka joto tu, bila sherehe, Perth ilifika nyuzi 42.8 siku ya Krismasi ya 2021.

Msongamano mkubwa kuliko wote, lakini, si wa watu. Kipo kisiwa kingine chenye jina la Krismasi, cha Australia, katika Bahari ya Hindi. Mvua zikianza, makumi ya mamilioni ya kaa wekundu hutoka msituni kwenda kuzaa baharini. Barabara hufungwa, madaraja ya kaa yamejengwa juu yake, na dereva mwenye haraka hushuka na reki kuwasogeza pembeni kwanza.