Miguu Iliyolowa Haisomi

Anayeondoka Lanet, pembezoni mwa mji wa Nakuru, akashika barabara ya kwenda Ol Kalou mwezi wa Julai kabla ya jua kuchomoza, huijua Dundori kabla hajaiona. Baridi humwingia kupitia sakafu ya matatu, nayo huanza na vidole vya miguu. Mji wa Nakuru wenyewe uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na wataalamu wa hali ya anga wanatuambia kwamba kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi za sentigredi. Barabara hiyo haifanyi jingine ila kupanda. Ukifika juu, ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi, nyasi zimeinama kwa umande, na kando ya barabara watoto wanakwenda shuleni, vichwa chini, mikono imefichwa ndani ya mikono ya sweta. Haya ndiyo majira ambayo wazee wa Kikuyu huyaita Gathano. Tena ndiyo majira ya muhula wa pili.

Leo nimeamua kuzungumzia miguu. Najua wapo watakaoguna na kusema kwamba mwandishi ameishiwa na mambo. Naomba wanivumilie.

Watu waliolitafakari suala la miguu na baridi kwa makini kuliko wengi si walimu wala madaktari, bali ni wawindaji. Mwindaji wa nchi za baridi ana shida ambayo msafiri wa kawaida hana. Huamka alfajiri, akatembea mwendo mrefu hadi akatokwa na jasho, kisha akafika mahali pake pa kuotea na kuketi kimya saa nyingi bila kutikisika. Alipokuwa akitembea, miguu yake ilikuwa na joto la kutosha. Anapoketi, jasho na umande aliokuja nao ndani ya viatu hugeuka kuwa adui wake. Ndiyo maana mwindaji mzoefu hubeba soksi kavu mkobani, akazivaa akishafika, wala hafungi kamba za viatu vyake kwa kuzikaza mno.

Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ikaendelea kuukataza. Kabla ya hapo, na kabla ya mkoloni, misitu ya nyanda hizi za baridi ilikuwa ghala la nyama na asali la Waogiek, ambao walijifunika ngozi za perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayepiga kelele usiku kana kwamba anachinjwa. Watu hawa walitolewa misituni mara kwa mara, hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ilipoamua mwezi wa Mei 2017 kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Hiyo ni hadithi ndefu inayostahili safu yake. Ninachotaka kusema ni kwamba mwindaji ameondoka msituni, lakini baridi yake haikuondoka naye. Imerithiwa na mtoto wa shule.

Hebu linganisha. Mtoto wa Dundori huamka alfajiri, akatembea kilomita mbili au tatu katika tope na umande, akatokwa na jasho kwa kuharakisha kengele, kisha akaketi. Huketi juu ya dawati, miguu imekanyaga sakafu ya saruji, kuanzia asubuhi hadi mapumziko. Huruhusiwi kutembeatembea darasani. Tofauti yake na mwindaji ni moja tu: mwindaji huruhusiwa kubadilisha soksi.

Nina sababu ya kulijua jambo hili, nayo si ya kujivunia. Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu katika shule moja ya kutwa ya nyanda za juu, ambayo sitaitaja jina. Kanuni ya shule ilisema wazi: viatu vyeusi vya ngozi, soksi za kijivu, basi. Asubuhi moja ya Julai nilikuwa mwalimu wa zamu, na kijana mmoja wa kidato cha pili akapita langoni akiwa amevaa mabuti ya mpira, yale ambayo watu huyaita gambuti, yamejaa tope hadi magotini. Nilimsimamisha mbele ya gwaride, nikamwamuru ayavue. Aliyavua. Akasimama pekupeku juu ya changarawe yenye umande hadi nyimbo, sala na matangazo yakaisha. Baadaye akafungua mkoba wake ili atoe viatu vya ngozi, vikavu, vimeng'arishwa, vimefungwa ndani ya gazeti kuukuu. Mimi sikuona busara hapo. Niliona kiburi. Nikamuuliza kwa sauti iliyosikika shule nzima, "Kumbe unavyo viatu na hutaki kuvivaa?" Mabuti yake nikayafungia katika chumba cha walimu.

Siku ya tatu alikuja babu yake. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti refu la jeshi, na akavua kofia kabla ya kuingia.

"Mwalimu, mimi sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuomba mabuti. Hayo ndiyo tuliyo nayo nyumbani, na mama yake huyavaa kukamua."

Nilimpa kiti. Nilimweleza kuhusu kanuni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza, bila kunilaumu, kwamba katika ujana wake aliwabebea bunduki Wazungu wawindaji hadi serikali ilipoupiga uwindaji marufuku, na kwamba jambo la kwanza alilofunzwa ni hili: kiatu cha kutembelea si kiatu cha kukalia. Aliyeketi na soksi aliyotembea nayo alitetemeka hadi mnyama akamsikia. Ndiyo sababu alimwagiza mjukuu wake atembee na mabuti na akalie viatu.

Nilimrudishia mabuti, mzee akaondoka. Kanuni ilibaki pale pale.

Sasa, walimu wenzangu wa sayansi watanisaidia kueleza kwa nini mzee yule alikuwa sahihi. Maji hupitisha joto haraka kuliko hewa tulivu, yapata mara ishirini na tano. Soksi kavu huwa na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Soksi ikilowa, hewa hufukuzwa na maji hushika mahali pake, na joto la mguu hutoka kana kwamba limefunguliwa bomba. Soksi ya pamba ni mbaya zaidi kwa sababu hunyonya maji na kuyashikilia; ya sufu huhifadhi kiasi cha joto hata ikiwa na unyevu. Nchi yenye kondoo wengi kama maeneo ya Nyandarua na Molo isingekosa soksi za sufu, lakini hilo waulizwe wenye viwanda.

Jambo la pili wengi hawalijui. Mwili unapohisi baridi, hulinda kwanza moyo, mapafu na viungo vingine vya ndani. Mishipa ya damu ya mikono na miguu husinyaa, na damu yenye joto hurudishwa kiwiliwilini. Kwa hiyo mtoto asiye na sweta, au aliyetoka nyumbani bila uji, atapata baridi ya miguu hata akivaa soksi tatu. Na akizivaa hizo tatu ndani ya kiatu kilichombana, atakuwa ameizuia hata ile damu kidogo iliyobaki. Roald Amundsen, raia wa Norwei aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911 kabla ya mtu mwingine yeyote, aliwafanya wenzake wavifumue na kuvishona upya viatu vyao mara kadhaa hadi vikawa na nafasi ya kutosha. Wasami wa kaskazini ya Ulaya nao hujaza nyasi kavu ndani ya viatu vyao vya ngozi, wakazitoa jioni na kuzikausha.

Asidhani mtu kwamba madhara huja tu mahali penye theluji. Katika majira ya baridi ya 1914 hadi 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 20,000 walitibiwa miguu iliyoharibika ndani ya mahandaki yaliyojaa maji. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, mingine ikaoza, ingawa maji yale hayakuwa yameganda. Wakuu wa jeshi hawakuwa na dawa ya ajabu. Waliamuru kila askari abadilishe soksi, akaushe miguu, aipake mafuta ya nyangumi, na askari wakaguane wawili wawili. Ugonjwa ukapungua. Simaanishi kwamba darasa la Dundori ni handaki. Lakini mwalimu yeyote wa huko amewaona watoto ambao vidole vyao vimekuwa vyekundu, vimevimba na kuwasha kila wanaposogelea moto, akadhani ni upele.

Moto nao una hatari zake. Mguu uliokufa ganzi hauhisi joto. Mtoto akiuweka karibu na meko ataungua kabla hajajua. Ni afadhali ufutwe ukauke, uvikwe soksi kavu, upate joto polepole. Na jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na imewamaliza watu wakiwa usingizini.

Mengine ni mambo ya nyumbani. Kiatu kilicholowa kikijazwa gazeti usiku, karatasi hunyonya maji, na asubuhi kiatu huwa kimekauka nusu. Kikianikwa juu ya moto, ngozi hupasuka. Gazeti hili, msomaji, likishasomwa, linafaa kwa kazi hiyo, na sitaona vibaya. Ubao mmoja chini ya dawati, au gunia lililokunjwa, hutenganisha nyayo na saruji. Dakika mbili za kusimama na kupiga miguu chini katikati ya kipindi hurudisha damu vidoleni, na mwalimu wa hisabati atakayeona kwamba anapotezewa wakati na ahesabu ni dakika ngapi zinazopotea watoto wanapoketi wakisugua mguu mmoja kwa mwingine.

Nazijua hoja za wenye kanuni. Watasema sare huwaweka sawa mtoto wa tajiri na wa maskini. Ni kweli, lakini mwenye kuletwa kwa gari hafiki na viatu vilivyolowa, kwa hiyo kanuni hii humwangukia anayetembea peke yake. Watasema mabuti ya mpira hunuka. Nakubali, mpira haupitishi jasho, na mtoto akishinda nayo kutwa nzima atapata fangasi katikati ya vidole. Wala mpira wenyewe hauna joto. Mabuti ni ya njiani tu. Yakifika mlangoni yavuliwe, na mtoto avae viatu vikavu, au hata soksi kavu na ndala, hadi saa ya kurudi. Shule inahitaji rafu ya mbao karibu na mlango wa kila darasa, jambo ambalo fundi wa kijiji hulimaliza kwa siku moja, na inahitaji kufuta mstari mmoja katika kitabu cha kanuni. Aghalabu mstari huo hakuandika waziri wala katibu wake. Umeandikwa na shule yenyewe, na shule yenyewe yaweza kuufuta kabla ya muhula wa pili.

Yule kijana sikumwomba radhi. Alifanya mtihani wa kidato cha nne, akaondoka, nami nikahamishwa. Kila asubuhi ya Julai baada ya siku ile alikuwa akija na mabuti hadi kwenye mkunjo wa mwisho wa barabara, akayaficha kwenye ua wa jirani, akavaa viatu vyake na kupita langoni mbele yangu akiwa nadhifu. Nililijua hilo kwa muda mrefu na sikumwambia mtu. Namwomba radhi leo, iwapo gazeti hili humfikia. Na kama halitamfikia ila likiwa limekunjwa ndani ya kiatu cha mwanawe, hewala.