Foleni Ihesabiwe Mkiani

Kuanzia Mbweni na Ununio, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Bunju, ukivuka Mto Mpiji ukaingia Mapinga, Kerege na Zinga, makazi yenye ukuta na geti yamekuwa mengi, na hayaishi kutafuta nafasi ya kujitanua. Shamba la jirani likishanunuliwa na viwanja vipya kuchorwa, kamati ya wakazi huuliza swali la haki: barabara zetu zitahimili? Jibu la haraka ni kwamba zitahimili, maana za ndani ni pana na mchana hazina kitu. Hilo ni kweli, lakini halijibu swali. Barabara za ndani ni nadra kujaa. Panapojaa ni getini, na pale njia ya geti inapokutana na Barabara ya Bagamoyo. Huko ndiko kipimo kinapaswa kuanzia.

Na huko pana mtego ambao huharibu ripoti nyingi. Mlinzi huwekwa kwenye kizuizi, akapewa karatasi, akaambiwa ahesabu magari yanayoingia kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Tuseme kila gari linamchukua wastani wa sekunde 20: kusimama, kuuliza, kuandika, kufungua. Kwa mwendo huo geti haliwezi kupitisha zaidi ya magari 180 kwa saa. Yakija 250, yeye bado ataandika 180, na kamati itasoma 180 ikidhani ndiyo idadi ya waliotaka kuingia. Kumbe amepima uwezo wa geti, wala hakupima haja ya watu. Kwa hiyo lazima awepo mhesabuji wa pili mkiani mwa foleni, anayeandika kila gari linapojiunga, na ahame kadiri mkia unavyorefuka. Tofauti kati ya karatasi yake na ile ya kizuizini ndiyo tatizo lenyewe kwa tarakimu.

Karatasi zote mbili zigawanywe kwa robo saa. Magari hayaji kwa usawa. Ajali ndogo Tegeta ikiondolewa barabarani, yaliyokwama huko hufika yote kwa mkupuo. Wastani wa saa nzima huificha robo saa mbaya, na foleni huzaliwa katika robo saa mbaya.

Hapa hesabu inasaidia sana, kwa sababu foleni haikui kwa uwiano na nyumba. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyeanza kuzichapisha mwaka 1909 alipokuwa akitafuta nyaya ngapi zinawatosha wapiga simu wa Copenhagen. Chukua makazi ya nyumba 240 zenye geti la njia moja, lile la sekunde 20, na tuseme katika saa yenye shughuli nyingi kila nyumba mbili huleta gari moja. Yanakuja magari 120. Kwa wastani kila moja litatumia dakika moja getini, na hapo yatakuwapo magari mawili. Ongeza nyumba 80: yanakuja 160, muda unakuwa dakika tatu na magari yanakuwa manane. Ongeza nyingine 20 tu, yawe magari 170, na muda unaruka hadi dakika sita, magari 17. Nyumba zimeongezeka kwa chini ya nusu, muda wa getini umeongezeka mara sita. Na huo ni wastani. Zipo jioni zitakazozidi.

Idadi hizo ni za mfano. Za kwenu mtazipata kwa kuhesabu kwenu. Wapo washauri wanaochukua jedwali la taasisi ya wahandisi wa usafirishaji ya Marekani, ITE, ambamo nyumba moja ya familia huhesabiwa safari tisa na ushei kwa siku, na karibu moja katika saa ya jioni yenye shughuli. Jedwali hilo limetokana na vitongoji ambako karibu kila mtu mzima anaendesha gari lake. Mapinga, nyumba moja inaweza kuwa na magari mawili ya wenyewe, basi la shule, bodaboda ya mkaa au gesi, boza la maji siku bomba likikauka, na watu watatu wanaofika kwa miguu kutoka kituo cha daladala. Tena ukigawa safari kwa idadi ya nyumba, gawa kwa zinazokaliwa. Pwani hii imejaa mapagale, na nyumba ambazo wenyewe wako ng'ambo. Ukigawa kwa viwanja vyote utapata kiwango kidogo cha uongo, na siku mapagale yatakapoezekwa utashangaa.

Bodaboda ihesabiwe mara mbili kwa maana mbili tofauti. Barabarani inachukua nafasi ndogo kuliko gari, lakini mbele ya mlinzi anayeandika jina, namba na nyumba inayoendewa, inaweza kuchukua muda uleule au zaidi. Anayeigeuza kuwa "nusu gari" kwenye hesabu ya geti anakosea.

Wanaonigusa zaidi katika upimaji huu ni watembea kwa miguu, kwa kuwa karatasi nyingi hazina hata safu yao. Saa 1 asubuhi akina dada wa kazi, mafundi na watunza bustani hujipanga kwenye kamlango ka pembeni, wengine wamesimama ukingoni mwa lami huku malori yakipita. Nyumba zikiongezeka, nao wataongezeka. Mtu akigongwa pale, makazi hayawezi kusema hayakujua, kwa sababu kuwahesabu ni kazi ya asubuhi chache tu.

Makutano nayo yana siri yake ya upande. Tunaendesha kushoto, na bahari iko mashariki. Makazi ya upande wa bahari hutoka asubuhi kwa kukata kushoto kuelekea Dar es Salaam, kazi nyepesi. Shida yao ni jioni, wanapokata kulia kuvuka njia ya wanaotoka Bagamoyo. Upande wa bara ni kinyume: asubuhi ndiyo ya mateso. Anayetoka kwa kukata kulia anahitaji mwanya wa takribani sekunde saba, na kwa sehemu kubwa baada ya Tegeta barabara ni ya njia mbili tu, hivyo anayesubiri katikati ili akate kulia kuingia huwasimamisha wote walio nyuma yake. Ndiyo maana barabara kuu nayo lazima ihesabiwe. Tangu lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, malori na mabasi ya kaskazini yana njia ya kupita huku, na mianya si ya wakazi peke yao.

Kisha pima kwa futi kamba umbali kutoka kizuizi hadi ukingo wa lami. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Geti lililojengwa mpakani mwa hifadhi linabakiza nafasi ya magari manne hivi, na nafasi hiyo si mali ya makazi. Upanuzi wa barabara hii kutoka Mwenge hadi Tegeta, uliosaidiwa na Japani, ulionyesha hifadhi inavyotumika zamu yake inapofika. Foleni ya magari manane inapaswa kukaa ndani ya ukuta: geti lirudishwe nyuma, au liwe na njia mbili, moja ya wakazi na nyingine ya wageni, na malori ya mchanga yawe na mlango wao tangu siku ya kwanza ya ujenzi.

Hesabu ifanyike shule zikiwa zimefunguliwa, nje ya Ramadhani na nje ya masika, siku saba mfululizo ili Jumamosi ya harusi isipotee. Kamati idai karatasi zenyewe za robo saa, pamoja na ripoti. Na viwanja vipya viuzwe kwa mafungu: nyumba za fungu la kwanza zikishakaliwa, wahesabuji warudi mkiani, na idadi ya fungu la pili itokane na watakachoandika.