Malisho Yaliyo Chini ya Maji

Mkulima akisikia neno malisho huwaza ng'ombe wake. Lakini yako malisho mengine, nayo yamo chini ya maji. Udongo wa shamba lako waweza kuyaua.

Pwani ya Kenya, toka Vanga mpaka Lamu, nyasi huota baharini penye maji yasiyo na kina kirefu. Wengi hudhani ni mwani. Sivyo. Mwani hauna mizizi ya kweli, hujishikiza jiweni tu. Nyasi hizi zina mizizi, majani, hata maua, nazo huchanua humo humo majini. Ziko aina 12 katika bahari yetu. Tafi huzila, na kasa pia. Samaki wadogo hujificha ndani yake, na mizizi huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi.

Ziwa Victoria halina nyasi hizo, maana maji yake si ya chumvi. Hata hivyo, katika vighuba vyake yapo majani mengine yenye kazi kama hiyo. Vifaranga vya ngege hukimbilia humo wasiliwe na mbuta. Anayekokota kokoro huyang'oa pamoja na vifaranga, na hii ni sababu mojawapo nzuri ya nyavu hizo kukatazwa.

Lakini tusiwalaumu wavuvi peke yao. Majani ya majini hutaka jua kama mahindi yatakavyo. Maji yakiwa machafu, jua halifiki chini, na majani hufa. Mto Kuja huteremka kutoka milima ya Kisii, hupokea maji ya Mto Migori, kisha huingia ziwani Nyatike. Utazameni wakati wa mvua ndefu: rangi ile ni udongo wa juu, ndio wenye rutuba. Malindi ni vivyo hivyo. Mto Sabaki huleta udongo wa Ukambani na bahari huwa nyekundu. Mbolea inayosombwa nayo huyalisha magugu maji, yaliyofika ziwa hili karibu na mwaka 1990, na hayo hutanda juu na kuzuia jua tena.

Basi, ninyi mlio katika skimu, hasa wenye mashamba ya mteremko, chimbeni matuta ya fanya juu. Pimeni kwanza mstari ulio sawa kwa kamba na pimamaji. Msikisie kwa macho, maana tuta lililoinama hugeuka mfereji, na hasara yake hupita ya shamba lisilo na tuta. Chimbeni mtaro, mtupe udongo upande wa juu, kisha mpande majani ya nepia juu ya tuta. Yatashika udongo, na ng'ombe watapata chakula. Nafasi kati ya tuta na tuta hutegemea mteremko. Mwulizeni afisa wa kilimo kabla ya kuanza.

Kando ya mto, msilime hadi ukingoni. Acheni angalau mita 6 za nyasi na miti, wala msikate mafunjo mdomoni mwa mto ili kupanda mboga. Mafunjo huchuja matope kabla hayajaingia ziwani.