Nyumba Zilizochapwa Kilifi

Katika mtaa wa Mvule Gardens, Kilifi, kuta hazikujengwa kwa tofali wala kwa mawe ya matumbawe yaliyozoeleka Pwani. Zilichapwa. Mashine iitwayo BOD2 hupita huku na huko juu ya msingi ikifuata mchoro uliomo kwenye kompyuta, na mdomo wake hutema mota ya saruji mkunjo juu ya mkunjo, jinsi mfinyanzi anavyoinua chungu. Kwa mashine moja tu, kampuni ya 14Trees ilichapa nyumba 10 za kwanza kwa wiki 10. Mradi mzima ni nyumba 52.

Kasi ndiyo inayopigiwa debe. Mwaka 2021, wilayani Salima, Malawi, kampuni hiyohiyo ilichapa kuta za shule kwa saa 18. Paa, milango na madirisha havimo katika hesabu hiyo. Hapo fundi bado ana kazi yake.

Mazingira lakini hayapimwi kwa saa. Yanapimwa kwa saruji, inayochangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi itokanayo na shughuli za binadamu. Tanurini, mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo hadi nyuzijoto 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya gesi inayotoka haitokani na makaa bali na jiwe lenyewe. Hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, jiwe litaitoa vilevile.

Mashine inasaidia kwa kuwa huacha uwazi katikati ya ukuta, haihitaji mbao za fomu, wala haiachi vifusi vya tofali zilizovunjika. Ila mota yake lazima ipite kwenye bomba, kisha isimame papo hapo bila kubomoka. Kokoto hazimo, hivyo kila ujazo wake kwa kawaida una saruji nyingi kuliko zege la kawaida. Faida hupatikana pale ukuta unapotumia mota kidogo sana, au sehemu ya saruji inapobadilishwa kwa udongo uliochomwa au pozolana ya volkano.

Kwa anayejenga nyumba moja, kilicho karibu zaidi kuliko mashine hiyo ni EDGE, programu ya bure ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambayo pia ndiyo iliyotumika kuithibitisha Mvule Gardens. Cheti chake hudai upungufu wa angalau asilimia 20 katika nishati, maji na athari za kutengeneza vifaa vya ujenzi. Mtu hupunguza ukubwa wa dirisha au huchagua bati jeupe kwenye skrini, akaona matumizi ya umeme yanavyoshuka kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.