Jaguar yenye injini ya Chevrolet: fedha inapotelea wapi?

Jaguar XJ6 iliingia sokoni mwaka 1968 ikiwa gari la wakurugenzi. Zilizochakaa huuzwa kwa bei nafuu, na huko Marekani wapo wanaozinunua, wakang'oa injini ya silinda 6 yenye lita 4.2 na kufunga V8 ya Chevrolet ya lita 5.7. Injini hiyo ya Chevrolet, iliyoanza mwaka 1967, ina vipuri tele na kila fundi wa huko anaijua.

Bei ya injini isimdanganye mwekezaji. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Gharama zimo katika giaboksi, propela shafti ya kukatwa upya, rejeta kubwa zaidi, mabomba ya moshi, na nyaya za kuunganishwa hadi mishale ya dashibodi isome sawasawa. Nyaya hizo ndizo zinazolaza magari mengi gereji.

Ipo pia sheria. Katika jimbo la California injini inayofungwa haitakiwi kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari, hivyo XJ6 ya 1987 yenye Chevrolet ya 1970 haipiti ukaguzi wa moshi. Magari ya 1975 na kurudi nyuma yamesamehewa ukaguzi huo.

Wakati wa kuuza, wakusanyaji hutaka injini iliyotoka kiwandani, namba zikilingana. Anayebaki ni mpenda mwendo, naye hulipia ubora wa kazi, si stakabadhi zako. Kwa mfanyabiashara, nafuu ni kununua gari ambalo mwingine amekwisha kuligharimia, mradi injini yake ya asili inauzwa pamoja nalo.