Kisanduku kidogo cha kuchunga mahindi ya depo

Ndugu wakulima, hii shida tunaijua wote. Mahindi yanaingia depo yakionekana makavu. Miezi miwili inapita, gunia linafunguliwa, na harufu ya ukungu inatoka. Hasara si franka tu: ukungu unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Njo maana ni lazima kujua mapema.

Kijana anayejua kidogo ordinatere anaweza kujifunza kutengeneza kisanduku cha kuchunga depo usiku na mchana. Moyo wake ni kibao kidogo kinachoitwa Arduino. Kilitoka Ivrea, mji wa Italia, mwaka 2005, kwa mikono ya Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao. Walikitengeneza ju ya wanafunzi wasiosomea umeme. Michoro yake iko wazi, kwa hiyo viwanda vingi vinatengeneza vibao vya namna hiyo.

Kazi yake ni hii: kusikia, kuamua, kujibu.

Kusikia: kihisi kinapima joto na unyevu wa hewa. Kiingize katika kipande cha mwanzi kilichotobolewa matundu madogo, kisha uchomeke mwanzi ndani ya gunia. Hewa iliyo kati ya punje inaonyesha hali ya punje zenyewe. Ikipita sehemu 70 kwa 100, ukungu unapata nafasi ya kuota.

Kuamua: kwenye ordinatere unaandika amri fupi: unyevu ukifika 65, washa taa. Amri inapitia kamba mpaka kwenye kibao na kubaki humo, hata ukikitoa kwenye ordinatere. Baadaye kinahitaji tu batri, inayoweza kujazwa na jua.

Kujibu: taa nyekundu inawaka. Hapa tusikilize mama anayechunga depo kabla ya fundi. Anapita fasi gani kila asubuhi? Taa iwekwe hapo. Kama depo iko mbali na nyumba, kengele ndogo itafaa zaidi. Kifaa kizuri ni kile anachoelewa hata mtu asiyesoma.

Kabla ya kukiamini, kipime na chumvi ya jikoni. Tia chumvi nyingi katika chupa ya mdomo mpana, ongeza maji kidogo iwe kama uji mzito. Ning'iniza kihisi juu yake bila kugusa, ziba vizuri, acha usiku mzima. Hewa ya ndani inatulia karibu na 75. Kihisi kikisoma 60 au 90, badilisha.

Na ile chupa ya wazee tusiiache. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngojea dakika 15. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi yangali mabichi, yarudi juani.

Kisanduku hakikaushi mahindi. Kinaita tu, na mtu njo anaitika. Kwa hiyo, taa ikiwaka, toa gunia, anika upya mpaka unyevu wa punje ushuke chini ya sehemu 13 kwa 100, kisha weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Koperative inayotaka kuanza ichague watu wawili wajifunze pamoja: kijana wa ordinatere na mchungaji wa depo. Waanze na gunia moja.